Ukuta wa Banda la Marseli

Jovita hakusema kwamba ana mimba. Alisema ana hamu ya udongo.

"Ule wa ukuta wa banda, Mama," alisema kwenye simu kutoka Singida. "Ule upande unaopigwa na mvua. Wa sokoni nimekula, hauna kitu. Nitumie hata kidogo."

Mama yake, Otilia, alikuwa uani kwake Maisaka, Babati, anachuma mchicha. Mwanamke anayetafuta udongo haulizwi maswali mengi. Aliketi pale pale kwenye tuta, mtu mzima na kanga yake safi, akacheka na kulia kwa mpigo mmoja. Miaka sita ya ndoa, watu walishachoka hata kumsema.

"Ya miezi mingapi?"

"Minne."

"Na hukuniambia."

"Si ndiyo nakuambia, Mama."

Ugomvi wa nyumba ile haukuwa wa Otilia. Ulikuwa wa mume wake, Marseli, fundi betri, mtu wa Rombo mwenye kichwa kigumu, aliyeapa kwamba binti yake hataolewa na Mwislamu mpaka yeye azikwe. Jovita akaolewa na Halidi, mtoto wa Bi Sabaha mwenye duka la vitambaa karibu na stendi, wakahamia Singida kutafuta maisha. Marseli naye akazikwa kweli, kabla yeye na binti yake hawajasemezana. Jovita alikuja msibani, akalala siku moja, akaondoka. Tangu hapo alipiga simu Krismasi na Iddi, salamu, hali ya hewa, haya kwaheri. Otilia alikuwa mtu wa kuzoea mambo, lakini hilo hakulizoea. Alimtaka mwanawe. Alimtaka akiwa anapika, akiwa anafagia, na zaidi akiwa anakula peke yake.

Basi alipopata la kutuma, alituma kwa moyo wote.

Banda lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, la miti na udongo. Tangu enzi ambazo Babati ilikuwa bado mkoa wa Arusha, mpaka Manyara ikazaliwa na maofisa wakaja na magari yao, Marseli alipasulia betri mbovu humo ndani. Maji yake makali aliyamwaga uani. Risasi iliyokuwa ndani aliiyeyusha kwenye karai juu ya mkaa, akatengenezea betri nyingine, na iliyobaki akawauzia wavuvi wa ziwani wazamishie nyavu. Kila mwaka kabla ya masika alikandika kuta upya kwa udongo wa hapo hapo uani, ule mwekundu unaong'ang'ania jembe. Jovita alipokuwa mdogo alikuwa na kona yake pale ukutani, anachokonoa kwa kidole na kulamba. Baba yake akimkuta alimtishia kumfunga betri mgongoni.

Otilia aliparua ukuta kwa kisu, akatwanga, akachekecha, akaloweka, akafinyanga vijiti vya unene wa kidole, akaviweka juu ya meko vipate moshi. Akafunga kwenye kitambaa, akatia ndani ya kopo la siagi, akampelekea kondakta wa basi la Singida.

"Mama Jovita, mzigo gani huu?"

"Dawa ya mjamzito. Ukiufungua utazaa wewe."

Kuanzia hapo simu ilikuwa inalia kila Jumapili. Jovita alisimulia habari za mgongo, za kiungulia, za Halidi aliyejifunza kupika ugali ukawa kama uji. Mara nyingine hakuwa na la kusema, akakaa tu kwenye laini anatafuna. Otilia alibana simu sikioni, akasikiliza mwanawe anavyotafuna, na siku hiyo alikula chakula chake chote.

* * *

Kiangazi kilichopita alikuja binti mmoja wa chuo, Scholastica, mwenye viatu vya mvua na mfuko wa plastiki, akichimba udongo kidogo kidogo kwenye viwanja vya mafundi wa barabarani. Otilia alimpa uji na akamsahau. Sasa alirudi.

"Shikamoo, Mama Jovita."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi kuchimba?"

"Nimerudi na majibu." Hakukaa kwenye benchi aliloonyeshwa. Aliangalia matuta. "Mama, huu mchicha unaula?"

"Naula, na mwingine nauza. Wewe umeona una kasoro?"

Ilionekana Scholastica alikuwa amejipanga njiani na sasa mpangilio umemtoka. "Udongo wa hapa una risasi. Siyo ya bunduki. Ile aliyokuwa anayeyusha mzee. Ipo nyingi sana, Mama, kuliko viwanja vyote tulivyopima."

"Hiyo iliondoka naye," Otilia alisema. "Karai na vyuma niliuza zamani. Na mvua zilizopita hapa unazijua wewe? Ziwa lilishafurika mpaka watu wakahama."

"Ungekuwa mchanga, maji yangepita nayo. Huu siyo mchanga." Alivaa mfuko mkononi, akaokota bonge, akalibana. "Unaona ulivyo mwekundu? Ni chuma kilichomo ndani yake. Ni udongo mzito, na risasi ikiingia humu inanasa. Mvua inapita, yenyewe inabaki. Haiozi. Hata chini haijashuka, ipo hapa juu, shubiri moja tu."

"Mpaka lini?"

"Mimi na wewe tutaondoka, yenyewe tutaiacha."

Otilia alilitazama lile bonge. Mashati ya Marseli yaligawanywa kwa ndugu. Harufu yake ilitoka kwenye mto kabla hata mahindi hayajavunwa. Sauti yake siku hizi alikuwa anaitafuta kichwani na kuikosa, akapata kikohozi tu. Yote hayo yalikwenda, na huu uchafu ndio uliobaki. Aliona hasira, na hakujua amkasirikie nani.

"Na ukuta?"

"Ukuta ndio mbaya zaidi, moshi wote uliishia pale. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Wa kuangalia ni watoto wanaochezea udongo. Na wajawazito, maana wengine wanaula. Inatoka kwa mama inamwingia mtoto, inamharibu akili kabla hajazaliwa." Scholastica alitazama mlango wa nyumba. "Kuna mjamzito hapa nyumbani?"

"Hapa nyumbani hakuna," Otilia alijibu.

Na ni kweli, jamani, hapo nyumbani hakukuwa na mjamzito. Wake alikuwa Singida.

* * *

Habari mbaya haihitaji nauli. Jioni ile ile jirani yake Evangelina alisimama mlangoni na fungu la mchicha alilonunua asubuhi. "Usinielewe vibaya, Mama Jovita. Watoto leo hawana hamu ya mboga." Aliliweka juu ya kizingiti na kuondoka haraka, kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Kesho yake sokoni wanawake waliinua mafungu yake, wakauliza, "Huu wa uani kwako?" wakayarudisha, na mmoja akajifuta vidole kwenye kanga mbele ya macho yake. Hakuna aliyemtukana. Otilia angependa atukanwe kidogo, apate la kujibu.

Alirudi akang'oa matuta yote. Lakini mchicha haukuwa unamuuma. Kilichomuuma ni Jumapili inayokuja.

"Mama, umebaki kidogo, naubania," Jovita alisema ilipofika. "Utatuma lini?"

Hapo ndipo pa kusema. Otilia alijiona akisema, na simu ikikatika, na Jumapili zote zikirudi kuwa Krismasi na Iddi. Kitu pekee alichoombwa na mwanawe kwa miaka yote ile ni udongo. Akimwambia udongo ni sumu, atabaki na nini cha kuombwa?

"Wiki hii hii," alisema.

Kesho yake alikwenda Sigino kwa mama mmoja aliyesali naye, akachimba kichuguu kilichokuwa mbali na barabara na mbali na fundi yeyote. Alitwanga, akachekecha, akafinyanga, akatia moshi mara mbili. Alijiambia hajadanganya, amebadilisha tu. Mtoto atakula kitu safi, na yeye atabaki na sauti. Kopo lilikuwa lile lile la siagi.

Jovita hakungoja Jumapili.

"Mama, huu si wa nyumbani."

"Ni wa nyumbani."

"Nimeuonja. Wa nyumbani una kautamu mwishoni, kwa mbali. Huu ni udongo tu."

"Labda ni mvua, mwanangu. Labda ni mimba inakubadilisha mdomo."

"Mdomo wangu naujua." Sauti ya Jovita ikashuka ikawa ya mtoto aliyenyimwa. "Baba alininyima hata salamu mpaka akafa. Wewe unaninyima udongo. Kama umechoka kunitumia si useme tu, Mama."

Simu ilikatwa. Otilia alikwenda bandani, akavunja kipande cha ukuta, akakigusisha ulimini. Kilikuwa kitamu kweli. Alikitema, akasukutua maji mpaka ndoo ikaisha.

* * *

Duka la Bi Sabaha alikuwa anapita mbali nalo tangu harusi. Wakikutana njiani walitikisiana vichwa tu. Jumapili mbili zilipopita bila simu aliingia, akamkuta anakunja vitenge vilivyochambuliwa na mteja asiyenunua.

"Karibu," alisema Bi Sabaha bila kuinua macho. "Leo jua limetokea wapi?"

"Nina shida, Mama Halidi."

"Mwenye shida hukaa." Lakini kigoda hakukisogeza.

Otilia alisema akiwa amesimama. Alisema yote, banda, karai, binti wa chuo, kopo la siagi, na kichuguu cha Sigino. Alipofika kwenye kichuguu Bi Sabaha aliacha kukunja.

"Yaani umemlisha mjukuu wangu sumu."

"Mjukuu wetu."

"Leo ndiyo amekuwa wetu. Siku ya harusi nilitandika mikeka, nikaacha ule wa mbele kwa ajili yenu. Mpaka watu wanaondoka ulikuwa mtupu. Siku hiyo alikuwa wa nani?"

Otilia alikuwa na sababu, kwamba Marseli alikaa na ufunguo wa mlango mfukoni siku nzima, lakini aliona ni aibu kumsingizia maiti. Machozi yakamtoka, na mteja mwingine aliyekuwa anaingia akageuka nyuma.

Bi Sabaha alipumua kwa nguvu. Akakisukuma kigoda kwa mguu. "Kaa. Unanifukuzia wateja." Akamalizia kukunja kitenge kimoja, polepole. "Mimba ya Halidi nilikula nusu ya jiko la udongo la mama mkwe wangu. Alikuwa anadhani ni panya. Nani alikuwa anajua mambo haya?" Kisha akasema, "Mpigie."

"Akiacha kunipigia je?"

"Ataacha. Mpigie."

Otilia alipiga moyo konde. Jovita alipopokea, alimweleza bila kupamba, na Bi Sabaha akiwa amemkazia macho kama mtu anayepimiwa kitambaa. Alipomaliza, Otilia akaitazama simu kama bado ina watu.

"Umejua tangu lini?"

"Kabla ya ule wa Sigino."

"Wiki tatu, Mama." Jovita alikuwa anapumua kwa shida. "Nilikuwa nimebakiza vipande. Ulipotuma ule mwingine niliutupa nikavirudia vya nyumbani. Nimemaliza juzi. Ungeniambia ningevitupa."

"Niliogopa nitakukosa."

"Ukaona bora nini?"

Hakungoja jibu. Bi Sabaha aliichukua simu mikononi mwa Otilia, maana ilikuwa karibu kudondoka, akaiweka juu ya kaunta. Akamwita mtoto wa jirani alete chai.

* * *

Damu ya Jovita ilipelekwa mbali kupimwa. Otilia alikaa na simu kama mtu mwenye mgonjwa ndani, akienda msalani nayo, akienda kanisani nayo. Aliyepiga ni Halidi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Niambie."

"Imeonekana, risasi ipo kwenye damu. Daktari anasema tumshukuru Mungu ameacha sasa. Amepewa vidonge, anywe maziwa, ale dagaa. Mtoto anacheza vizuri tumboni."

"Atakuwa mzima?"

Halidi alikuwa kijana mkweli, na siku hiyo Otilia alitamani angekuwa mwongo kidogo. "Mengine tutayaona akizaliwa, Mama. Mengine mpaka aanze shule. Daktari amesema tuwe tunampima."

"Jovita yupo? Nipe nimsalimie."

"Amelala, Mama."

Nyuma ya sauti ya Halidi Otilia alisikia sahani ikiwekwa juu ya nyingine, na bomba likifungwa. "Basi usimwamshe," alisema.

Jumapili zikapita. Alizikaa zote barazani, simu mapajani. Bi Sabaha alianza kupita baada ya kufunga duka, kwanza kwa kisingizio cha kumwonyesha vitenge vipya, baadaye bila kisingizio. Hawakuwa na mazungumzo mengi. Bi Sabaha alikuwa anajua habari za Singida, na alikuwa anazitoa kidogo kidogo kama anayegawa sukari: amenenepa, miguu imevimba, ameanza kushona vinguo. Otilia alipokea kila moja na hakuomba zaidi.

Scholastica naye alirudi, akaeleza la kufanya. Wasichimbe wala wasifagie vumbi. Ukuta uloweshwe kwanza, ulazwe pale pale ulipo, kisha uwanja mzima ufunikwe kwa udongo safi mnene na kupandwa nyasi. "Kuuhamisha ni kumpelekea mwingine," alisema. "Tuufunike tu." Padri alichangisha, Bi Sabaha akaongeza, na Tadeo mwenye lori akakubali kuleta udongo kutoka Sigino kwa bei ya mafuta.

* * *

Siku ya kazi Tadeo alishamwaga marundo mawili barabarani, na vijana walikuwa wanavuta maji, pale hodi iliposikika mlangoni. Otilia alitoka na ndoo mkononi. Bi Sabaha alikuwa amesimama amebeba begi ambalo halikuwa lake. Nyuma yake alisimama Jovita, na tumbo lake.

Otilia alikuwa amejiandalia maneno kwa siku hiyo, mengi tu. Yote yalipotea. "Umekula?" aliuliza.

"Nimekula njiani." Jovita hakumkumbatia. Macho yake yalikuwa yanatazama nyuma ya nyumba. "Mama Halidi kaniambia mnalivunja leo. Nimekuja kuliona."

"Usikaribie sana."

"Najua, Mama. Daktari kaniambia hata ule utamu ndio wenyewe." Alisema bila ukali, na hiyo ilimuumiza Otilia kuliko ukali.

Walizunguka nyumba. Jovita alisimama penye kamba aliyofunga Scholastica, mkono mmoja kiunoni. Vijana walikuwa wameshamwagia ukuta maji, na ile harufu, harufu ya mvua ya kwanza juu ya udongo mkavu, ikajaa uani. Otilia alimwona mwanawe akifumba macho na kuvuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Alitamani kumgusa, akashika ndoo yake vizuri zaidi.

"Mama, nikuulize kitu usinidanganye. Umeshanidanganya mwaka huu, inatosha."

"Uliza."

"Baba aliwahi kuniulizia?"

Ni swali ambalo Otilia alilikimbia kwa miaka minne. Angeweza kusema ndiyo, na nani angembishia? Alimtazama mwanawe, midomo imemkauka kwa safari.

"Hapana," alisema. "Hata jina lako hakulitaja. Mimi nikilitaja alikuwa anatoka nje."

Jovita alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa uzito alioutegemea. Machozi yakaanza kumshuka, naye akayaacha. Bi Sabaha alitazama kando.

Ilikuwa ni katika kugeuza macho, asimtazame mwanawe akilia, ndipo Otilia alipoona. Maji yalikuwa yanatiririka ukutani, ukuta wote laini, umekandikwa tabaka juu ya tabaka, ila mahali pamoja pa chini, karibu na nguzo ya mlango, maji yalikuwa yanaingia kwenye kishimo. Kishimo cha ukubwa wa kikombe, kingo zake zina alama za kucha ndogo. Yeye alikuwa akiparua upande wa mvua siku zote, upande huu hakuwahi kuinama.

"Jovita. Kona yako."

"Ipi?"

"Pale. Ulipokuwa unachokonoa."

Jovita alipita chini ya kamba kabla hajazuiwa, akachuchumaa kwa taabu. Kuzunguka kishimo kile udongo ulikuwa umenenepa, mkandiko wa mwaka mmoja juu ya wa mwaka mwingine, mpaka kikawa na kina cha kiganja. Kila mwaka Marseli alikandika ukuta mzima, na kila mwaka alipofika hapo alipazunguka kwa vidole. Mikunjo ya vidole vyake vinene ilikuwa bado inaonekana.

"Hakuziba," Jovita alisema.

"Hakuziba," Otilia alisema. "Na mwaka wa mwisho alikandika akiwa mgonjwa. Nilimwambia aache, akasema banda litadondoka."

Jovita alinyoosha mkono. Otilia alitaka kumkataza, akamwacha. Mwanawe aliingiza kidole kimoja ndani ya kishimo, kikagota mwisho, akakaa hivyo, paji la uso likiwa karibu kugusa ukuta. Tadeo alikuja kuuliza kama waanze, akaona, akarudi kwenye lori lake bila kuuliza.

Aliposimama, kidole chake kilikuwa chekundu mpaka kwenye pete. Otilia aliushika mkono ule kabla haujafika popote, akamvuta mpaka kwenye beseni la maji safi, akachukua sabuni. Alimnawisha kidole kimoja kimoja, chini ya kucha, katikati ya vidole, kama alivyokuwa akimnawisha zamani na kumgombeza juu. Maji yakawa mekundu, akayamwaga ndani ya kamba, akamimina mengine. Mkono ulishatakata, naye bado anasugua.

"Mama," Jovita alisema, "umetakata."

"Bado," alisema Otilia. Na Jovita akamwachia mkono aendelee.